Sema Tena na Meno ya Dada Yake

Jina alilopewa na wazazi lilijulikana na watu wachache: mkewe, dada yake, na karani wa kliniki aliyeandika mishahara. Wengine wote, hata watoto wa jirani waliotumwa kuomba chumvi, walimwita Sema Tena. Mungu amrehemu, jina hilo hakulichukia. Alisema mtu huitwa kwa kile anachokirudiarudia, na heri yeye aliyeitwa kwa kazi yake kuliko yule jirani aliyeitwa Kesho Nitalipa.

Marehemu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Daktari alikuwa mbele, kwenye chumba chenye kiti kinachoinama na taa kubwa. Yeye alikuwa chumba cha mwisho cha korido, ambako harufu ya nta iliyoyeyuka ilichanganyika na vumbi la plasta na kutua juu ya kila kitu, chai yake ikiwemo. Kwenye rafu zilipangwa taya za plasta, za juu na za chini, kila moja na mwenyewe. Alizijua kama mtu anavyozijua nyuso za mtaani kwake.

"Huyu hapa anatafunia kushoto tu," angesema, akiigusa taya moja kwa kidole. "Na huyu anasaga meno usingizini. Ana jambo moyoni, maskini."

Kazi hiyo ina hatua moja ambayo mafundi wengi huipitia mbiombio. Kabla meno hayajashikizwa moja kwa moja, hupangwa kwanza kwenye nta, ili mwenye mdomo ayajaribu na fundi aweze kuyasogeza huku na huku. Mafundi wengine humwambia mteja atabasamu, wakamshikia kioo, basi. Sema Tena hakuwa na haja na kioo. "Kioo kinaona, hakisikii," alisema. Alimkalisha mteja kwenye stuli, akafunga dirisha ili makelele ya barabarani yasiingie, akamgeuzia mgongo na kuinamisha kichwa.

"Haya. Sema."

Na kilichosemwa hakikuwa salamu wala kuhesabu moja, mbili, tatu. Alikuwa na sentensi za kutatanisha ndimi, alizozitunga mwenyewe akiwa kwenye mashine ya kung'arisha, kila moja na pembe yake ya mdomo. Ya kupima meno ya mbele yanavyogusana na mdomo wa chini ilikuwa hii: *Fundi mvivu afua fulana aliyovua fundi mfupi.* Ya kupima kama ile sahani ya rangi ya waridi inayolala kwenye kaakaa imeshika au inaachia: *Kuku wake wako kwako, kuku wako wako kwake.* Na ile iliyowatoa watu jasho, mfalme wa zote, ilikuwa hii: *Sasa shangazi ashushe shashi sita safi.*

Alikuja siku moja dalali wa mnada, mtu mnene mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. Akakaa kwenye stuli, stuli ikalia.

"Sasa shangazi asuse sasi shita shafi," akasema dalali.

"Sema tena."

"Sasa sangazi… Mzee, huyu shangazi ana nini na mapazia yake?"

"Sema tena. Polepole, kama unamwamsha mtoto mchanga."

"Sasa. Shangazi. Ashushe. Shashi. Sita. Safi."

"Basi. Meno mazima."

"Mazima vipi, na nimeboronga?"

"Umeboronga ulipokimbia. Ulipotembea hukuboronga. Anayeanguka akikimbia, miguu yake haina ubaya wowote. Anayeanguka akitembea ndiye mgonjwa wangu." Kisha akamgeukia. "Sasa nipe hii: lori larudi, rula zalala."

"Roli raludi, lura zarara."

"Sema tena."

"Roli raludi…"

"Polepole."

"Ro-li. Ra-lu-di."

Sema Tena akamwekea mkono begani. "Hilo usinidai, ndugu yangu. Hilo hukulipata kwangu, umezaliwa nalo." Dalali akacheka mpaka meno ya nta yakamtoka, akayadaka kwa tumbo.

Wateja walimuuliza mara nyingi kwa nini sentensi fupi hivyo inamshinda mtu mzima mwenye akili zake. Naye alipenda sana kuulizwa. Aliweka kisu cha nta mezani na kujifuta mikono.

"Ulimi haupotezwi na wageni," alisema, "unapotezwa na mapacha. Utoe kwenye *paka* uupeleke kwenye *tango*, utafika salama, maana hao hawafanani hata kidogo. Lakini *sa* na *sha* wamelala kitanda kimoja. Ulimi ukimwacha huyu, yule yuko nyuma yake kidogo tu, amevaa nguo zilezile. Halafu ulimi wenyewe una kiherehere. Neno la mbele linaita kabla hili halijaisha, nao unaitika. Ndiyo maana hakuna mdomo duniani usioteleza." Na alimtilia shaka mteja asiyeteleza kabisa. "Huyu kafanya mazoezi nyumbani," alimnong'oneza daktari.

Basi hivyo ndivyo alivyosikiliza. Hakujali kama umekosea. Alitaka kujua umekosea wapi, na kosa hilo ni la ulimi au la jino.

Sasa, huyu mtu alikuwa na dada.

Walipofiwa na wazazi yeye alikuwa bado wa kubebwa, na aliyembeba ni huyo dada. Alimlisha, akamvisha, akampiga palipohitajika, akamfundisha kupiga magoti na kusali kabla ya kulala. Nyumba nzima ilimwita Dada, hata wakwe. Ni watoto wa Sema Tena peke yao waliomwita shangazi, na wao walijiona wana bahati.

Dada alikuwa na kipawa cha kuomba. Kwenye nyumba ya ibada, kinamama waliposimama mmoja mmoja kuomba, wengine walisema maneno makubwa ambayo hata wao hawakuyaamini sana. Dada aliomba kama mtu aliyeketi jikoni na Mungu, anamenya viazi na kumsimulia. Alimweleza habari za mgonjwa wa nyumba ya tatu, za kijana aliyekosa kazi, za bomba lililopasuka. Watu waliinua vichwa wakijisikia wepesi, kana kwamba mtu amewasaidia kubeba mzigo. Sema Tena alisema yeye hakufundishwa imani, aliisikia tu kupitia ukutani.

Kisha fizi zikaanza kumsumbua Dada. Meno yalilegea moja baada ya jingine, na daktari, alipokwisha kujaribu kila njia, akang'oa yaliyobaki. Dada alivumilia sindano, alivumilia damu, alivumilia uji asubuhi na jioni. Kilichomshinda ni kitu kidogo sana. Alipozungumza, watu waliinamisha sikio wakasema, "Eh?" Hawakuwa na ubaya. Lakini siku moja akiwa amesimama anaomba, mwanamke aliyekuwa jirani yake akamnong'oneza mwenzake, "Amesemaje?" Dada akamaliza haraka, akakaa. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma, kiganja mbele ya midomo, na zamu yake ikichukuliwa na wengine.

"Mungu anausikia moyo," alimwambia ndugu yake.

"Mungu anasikia, Dada. Na sisi je?"

"Ninyi mna masikio ya kusikilizana wenyewe kwa wenyewe."

Kila alipotajiwa meno mapya alikataa. Alisema huo ni urembo wa uzeeni, alisema ana muda gani tena wa kutafuna, alisema waliomtangulia walikufa vibogoyo na mbinguni waliingia. Sema Tena, ambaye alikuwa amewarudishia watu wa mji mzima midomo yao, alirudi nyumbani kila jioni kwa dada asiyezungumza.

Aliyeuvunja ukaidi huo ni binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa ameposwa na siku ya harusi imeshapangwa. Alimkuta shangazi yake anapepeta mchele uani, akachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, sala ya harusi yangu ni yako."

Dada akatikisa kichwa, ungo mkononi. "Mtafute mwenye mdomo, mwanangu."

"Basi sitaki sala."

"Usikufuru!"

"Nimeshasema. Uombe wewe, au tukae kimya kama mabubu tule turudi makwetu. Uliwaombea kaka zangu wote. Mimi nimekukosea nini?"

Dada akaendelea kupepeta ungo ambao haukuwa tena na makapi. Sema Tena alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, amesikia yote.

"Dada," akasema, "kesho njoo kazini."

Dada akaweka ungo chini. "Na utanisemesha mambo yako ya mashashi?"

"Nitakusemesha."

"Mungu nisaidie," akasema Dada, na hiyo ilikuwa ndiyo.

Hakuna meno aliyowahi kuyatengeneza kwa moyo namna ile. Vidroo vyake vilijaa meno ya kila umbo na kila rangi, na alivifungua na kuvifunga mpaka daktari akaja kuchungulia. Hakuchagua meupe sana. "Meno meupe mno kwenye uso wa mzee ni kama shati la kuazima," alisema. Alichagua yenye rangi ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote na kumshukuru Mungu kwa kila kikombe.

Na hapo, alipokuwa akiyapanga ya mbele kwenye nta, aliamua jambo ambalo hakumwambia mtu.

Dada alikuwa na mwanya. Mwanya kwa wengi ni uzuri, lakini wa Dada ulizidi kipimo. Punje ya hindi ingepita bila kugusa pande. Utotoni watoto wa mtaani walimwita Geti. "Geti, fungua tupite!" walimwimbia akienda kuchota maji, na mdogo wake, aliyekuwa bado hajui hata kufunga vifungo vya shati, aliokota mawe na kuwafukuza huku analia. Yeye aliporudi na pua inayovuja damu, Dada alimpangusa. Maneno ya watoto wale hakuyasahau. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye kisu cha nta mkononi, na Mungu amempa nafasi ya kulifunga geti lile yeye mwenyewe. Akayapanga meno ya mbele yakagusana bega kwa bega, yamenyooka kama wanafunzi siku ya ukaguzi.

Siku ya kujaribu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Sema Tena alishika kioo.

"Umeona, Dada? Geti limefungwa."

Dada alijitazama. Alitazama muda mrefu, akageuza uso upande huu na upande ule. Akamtazama ndugu yake, aliyekuwa anang'aa kama mtoto aliyeleta zawadi kutoka shule.

"Mazuri, mdogo wangu," akasema. "Mazuri mno."

"Haya. Sema."

Dada akajikohoza. "Sasa shangazi ashushe shashi sita safi."

Ilitoka na mluzi. Si mluzi mkubwa. Ni kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Lakini masikio yale hayakuhitaji zaidi.

"Sema tena. Polepole."

Dada akatembea neno kwa neno, kwa uangalifu wote. Mluzi ulikuwepo kwenye *sasa*, ulikuwepo kwenye *sita*, ulikuwepo kwenye *safi*. Ameanguka akitembea. Kosa ni la jino.

Akapunguza nta nyuma ya meno ya mbele ili ulimi upate nafasi. Mluzi ukawa mzito kidogo, lakini upo. Akasogeza meno mbele unene wa kucha, *safi* ikawa kama *thafi*. Akayarudisha nyuma, mluzi ukarudi nao. Dada alikuja tena na tena, akakaa kwenye stuli ileile na mkoba wake magotini, akashusha mashashi sita na mashashi sita mengine. Siku moja alisema, "Hata huyo shangazi mwenyewe sasa amechoka, mapazia yametoboka." Wakacheka wote wawili, lakini fundi alicheka kwa midomo tu.

"Yamalize hivyohivyo," Dada akamwambia mwishowe. "Nitazoea."

Daktari naye akasema ulimi ni mwanafunzi, mpe muda utajifunza. Basi akayamaliza, akayapika yakashika moja kwa moja, akayang'arisha, akamvisha.

Nyumbani binti alikuwa akipita mlango wa jikoni akasikia bomba limefunguliwa hadi mwisho, na chini ya sauti ya maji, sauti ya shangazi yake: *sasa shangazi, sasa shangazi, sasa.* Bomba likifungwa, kimya. Aliondoka kwa ncha za vidole.

Wazazi wa bwana harusi wakaja kujitambulisha, pamoja na mashemeji na mjukuu mdogo aliyekuwa anapanda kila kiti. Walipotaka kuaga, baba wa bwana harusi, kwa heshima tu, akasema, "Mama mkubwa, tunasikia sifa zako. Tufungie kwa sala."

Watu wakainamisha vichwa. Dada akasimama.

"Ee Mungu wetu mwenye rehema, sisi sote tunakushukuru, umetusafirishia salama wageni wetu…"

Mjukuu yule akainua kichwa, macho yanang'aa, akaigiza: "Sssss! Sssss!" kama nyoka wa hadithi. Mama yake akamfinya, mtoto akaangua kilio, na katikati ya kilio hicho Dada akasema, "Amina." Alikuwa hajafika hata kwenye majina ya maharusi. Wageni wakaitika amina wasijue waangalie wapi.

Walipoondoka, Dada alimwita binti. "Mwanangu, tafuta mwingine, kungali mapema. Sitaki kuwa kichekesho siku yako." Binti akafungua kinywa kujibu, lakini safari hii uso wa shangazi yake ulimnyamazisha. Kisha Dada akayatoa meno, akayakunja kwenye leso, akamwekea Sema Tena kiganjani.

"Hayana kosa," akasema, na maneno yalikuwa mateketeke bila meno. "Kosa langu."

Sema Tena hakula jioni ile. Aliweka leso mezani, akaifungua, akakaa anayatazama meno kama mtu anayetazama mtoto mzuri asiyetii. Mkewe alikuwa mezani upande wa pili anachambua mboga. Aliyachukua, akayageuza kwenye mwanga.

"Mbona umemziba mwanya?"

"Nimemtengeneza."

"Nani alikuambia umeharibika?"

"Wewe hukuwepo. Hujui walivyokuwa wakimwimbia. Wakimwita Geti."

"Na yeye aliwahi kukuambia anauchukia?"

Sema Tena akaanza kuikunja leso tupu.

"Baba watoto," mkewe akasema taratibu, "unamwambia kila mtu aseme tena, aseme tena. Dada yako ulimuuliza hata mara moja?"

Asubuhi yake hakwenda kazini kwanza. Alimkuta Dada ameketi kitandani, kitabu cha sala magotini, kimefunikwa. Akakaa sakafuni karibu na miguu yake, mtu mzima mwenye mvi, kama alivyokaa zamani akifungwa vifungo vya shati.

"Dada, nikuulize. Ule mwanya wako. Uliuchukia?"

Dada akamtazama kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, kiganja mdomoni. "Niuchukie kwa nini? Marehemu shemeji yako aliniambia ndio uliomleta. Alisema alipita njia akaona geti li wazi, akaingia."

"Lakini wale watoto…"

"Wale watoto walikuwa watoto! Aliyelia ni wewe. Mimi nilikuwa nawafungulia nao wanapita."

Sema Tena akashika kichwa. "Na siku ile ulipojitazama kwenye kioo, mbona hukusema?"

Dada akanyoosha mkono, akampangusa vumbi la plasta ambalo halikumtoka kamwe nyuma ya sikio.

"Ulifurahi mno," akasema. "Tangu ukiwa mtoto sijakuona umefurahi hivyo. Ningekuambia nini? Nilisema acha ulimi ujifunze. Lakini mdogo wangu, ulimi huu ni mzee. Miaka yote *sa* yangu ilikuwa inapitia pale katikati. Kila nikitaka kusema, unakwenda palepale unabisha hodi, unakuta ukuta, pumzi inatafuta pengine pa kutokea. Ndiyo hiyo inayopiga mluzi."

Fundi yule, ambaye masikio yake yalitambua unene wa kucha moja kwenye sauti ya mtu baki, alikaa sakafuni akalia. Alikuwa ameisikia sauti ile tangu mgongoni, kabla hajajua kutamka jina lake mwenyewe, na hakuwahi kujiuliza inapitia wapi. Dada akamwacha alie kidogo, kisha akamgusa kwa mguu.

"Inuka basi. Au unangoja nikubebe? Mgongo wenyewe siku hizi hauna dhamana."

Wakatoka pamoja kwenda kliniki.

Sema Tena akayang'oa meno yaleyale yenye rangi ya chai, akayapanga upya kwenye nta. Safari hii hakushika kioo, na picha ya zamani ambayo binti alijitolea kuitafuta aliikataa. Alifunga dirisha, akamgeuzia Dada mgongo, akafumba macho.

"Haya, Dada. Niite."

"Nikuite vipi?"

"Kama zamani. Nimechelewa kurudi, jua limezama, nipo kwa watu nacheza."

Dada akavuta pumzi, akamwita kwa jina lake, lile ambalo watu hawakulijua. Akamgombeza kwamba saa za kurudi nyumbani zimepita, kwamba asisingizie sahani haikuoshwa, kwamba sasa hivi ataona. Sema Tena akarudi kwenye nta, akayatenganisha meno mawili ya mbele kidogo. "Tena." Akagombezwa tena. Akayatenganisha kidogo zaidi. Walifanya hivyo kwa muda mrefu, na watu waliokaa kwenye benchi la korido walidhani fundi ana ugomvi wa nyumbani. Mwuguzi alikuja akagonga mlango kuuliza kama kuna amani.

Kisha ikafika mara moja ambapo *sasa hivi* ilitoka laini, na nyuma yake pumzi ndogo tu, kama mlango unaofungwa kwa upole. Sema Tena akaacha kila kitu. Bila kugeuka akasema, "Shangazi na mashashi yake. Polepole."

Dada akatembea neno kwa neno, hakuanguka.

"Haraka."

"Sasa shangazi asushe sashi shita shafi," akasema Dada, akajikwaa vibaya kabisa, akaangua kicheko kikubwa bila kiganja.

"Basi!" Sema Tena akapiga meza, taya za plasta zikarukaruka kwenye rafu. "Hilo ndilo kosa la watu wote. Hilo ni lako. Ondoka nalo."

Harusi ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na mapanga ya feni yaliyozungusha joto bila kulipunguza. Sufuria zilikuwa zimefunikwa tayari kwenye meza ndefu. Mshereheshaji akatangaza sala, akamshikia Dada kipaza sauti. Dada akakitazama, akakisogeza pembeni kwa kidole, akasimama.

Aliomba. Aliwaombea maharusi kwa majina, na wazazi wao, na walioketi, na waliotaka kuja wakakosa nauli. Alimsimulia Mungu jinsi bibi harusi alivyokuwa mbishi tangu tumboni, na akamwomba bwana harusi apewe subira, watu wakacheka macho yakiwa yamefumbwa. Alimkumbusha Mungu juu ya yule mgonjwa wa nyumba ya tatu, maana alikuwa hajampa habari zake kwa muda mrefu. Alimsimulia habari za bomba. Kila *sa* yake ilipita na ile pumzi ndogo nyuma yake, na kule viti vya nyuma, ingawa kipaza sauti hakikutumika, hakuna aliyeuliza amesemaje.

Sala ikarefuka. Mvuke ukaacha kutoka kwenye sufuria. Watoto wakaanza kubadilisha miguu. Mshereheshaji akamsogelea Sema Tena, akamwinamia sikioni.

"Mzee, chakula kinapoa. Tumkatize kidogo?"

"Mwache," akasema Sema Tena. "Amenyamaza muda mrefu. Yeye na Mungu wana mengi ya kuzungumza."

Na Dada akaendelea. Ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa na kufumba macho kama inavyopasa. Ni mtu mmoja tu, Mungu amsamehe na ampokee, aliyekuwa ameinua kichwa chake, macho wazi, anautazama mdomo ule. Amina ilipotamkwa, ukumbi wote ukaitika, naye peke yake akachelewa, mpaka mkewe alipomgusa kiwiko.